Dizeli Iliyozaliana Kakuma

Siku mliyoniaga nilipostaafu mlinipa saa kubwa ya ukutani, nami nawashukuru, ingawa sijaelewa kwa nini mtu akishakosa pa kuwahi ndipo anapopewa saa. Mkaniomba pia niwaandikie kumbukumbu za kazini. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa waliovitoa walishajisifu vya kutosha, na mishahara nitairuka kwa kuwa sitaki kuwaliza. Nitaandika juu ya kile mlichokuwa mkigombania pembeni siku ile ile, sahani za pilau mkononi, mkidhani sisikii.

Mmoja wenu alikuwa akilalamika kwamba programu yake ya lugha ya C, ile ya mita za maji, inafanya kazi vizuri mpaka aiamuru kompaila, ile inayoyageuza maandishi yetu kuwa amri za mashine, iiongezee kasi. Ikishaongezewa kasi, hesabu zinakwenda mrama. Mwenzake akamwambia kompaila imeingia wazimu. Nilitamani kudakia, lakini meneja alikuwa ameshika kipaza sauti akinisifu kwa mambo ambayo sikuyafanya, na si adabu kumkatiza mtu anayekusifu. Basi jibu langu ndilo hili. Ugonjwa huo nilikutana nao mara ya kwanza Lodwar, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, wakati C haijatufikia na sisi tukiandika kwa Fortran, lugha ya kompyuta iliyoitangulia. Nusura umwachie mtu jina la mwizi maisha yake yote.

Nilifika Lodwar nikitokea kwetu Taita, msichana mwenye cheti kipya cha kompyuta na viatu vya visigino. Cheti ninacho hadi leo. Viatu vilidumu kutoka mlangoni mwa gari hadi mlangoni mwa ofisi, maana mchanga wa Lodwar haumheshimu mtu. Mradi wetu ulikuwa wa visima vya pampu. Tulikuwa na injini za dizeli Lokichar, Lodwar, Kakuma, Kaaleng na kwingineko, ili watu na mifugo wapate maji mito ikikauka, na mito ya kule kukauka ndiyo desturi yake. Kakuma ya siku hizo haikuwa na kambi ya wakimbizi. Ilikuwa na misheni, maduka ya kuhesabika, mkondo wa Tarach uliojaa mchanga badala ya maji, na visima vyetu viwili.

Kompyuta yenyewe haikuwepo Lodwar. Ilikuwa Nairobi, imewekwa kwenye chumba chenye hewa baridi, ikitunzwa kuliko mgonjwa yeyote wa hospitali. Sisi tuliandika programu na takwimu kwa penseli kwenye karatasi zenye visanduku, herufi moja kila kisanduku, tukazifunga na kuzipeleka kwa gari la mradi, au kwa ndege ndogo kama rubani ameamka vizuri. Nairobi kina dada walizigeuza matundu kwenye kadi, kila mstari kadi yake, mashine ikazisoma, na baada ya muda tukaletewa majibu kwenye karatasi ndefu zilizokunjwakunjwa. Ukikosea nukta moja unajua mwezi ujao. Ninyi mnaojaribu programu mara ishirini kabla ya chai ya saa nne mnakosea kwa raha sana.

Mkuu wa hesabu alikuwa Mzee Mutiso, Mkamba mwembamba wa kaptura ya kaki na soksi za kufika magotini, hata jua likiwa kali kiasi gani. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi penseli, kifutio na jiwe. Akaniambia kati ya vifaa hivyo vitatu jiwe ndilo la maana. Nilidhani ananitania, hadi alasiri upepo ulipoingia dirishani na kuichukua kazi yangu ya siku nzima kuipeleka upande wa mto Turkwel. Nikatoka mbio na miguu yangu mitupu, na watu waliokuwa wamekaa kivulini wakanionyesha kwa vidole karatasi zilikoelekea, kila mmoja upande wake. Mbuzi mmoja alizifikia mbili kabla yangu. Mzee Mutiso alisema huyo ndiye kiumbe wa kwanza kuimeza Fortran bila kulalamika.

Ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa haamini maelezo ya mtu aliyesimama ubaoni. Alisema ukitaka kujua mashine imefanya nini, usiiulize, kuwa mashine. Alikuwa na makopo matupu ya maziwa na mfuko wa maharagwe kwenye droo, na programu yoyote iliyotusumbua aliigeuza mchezo: makopo ndiyo sehemu za kumbukumbu, maharagwe ndiyo namba, na mimi ndiye mashine, nikitekeleza mstari mmoja mmoja bila kuruhusiwa kutumia akili. Kwa mtu mwenye cheti kipya, kukatazwa kutumia akili ni adhabu kubwa.

Bosi wa mafuta alikuwa Bwana Wekesa, mtu wa Bungoma, mwaminifu mwenyewe na kwa hiyo mwenye shaka na kila mtu. Kabla yangu, dizeli ya mradi ilikuwa na tabia ya kupanda malori ya watu na kwenda Kitale bila kuaga. Alipokabidhiwa kazi hiyo akatoa amri moja kwa waendesha pampu wote: pipa likisogea, niambiwe. Kila asubuhi wanaingia kwenye redio ya mawasiliano, wanasema pipa gani limetoka wapi limekwenda wapi, mimi naandika, na kila mwezi mashine inatoa jumla ya dizeli iliyopaswa kuwepo kila kituo. Kisha mwendesha pampu anatumbukiza kijiti kwenye mapipa na kusoma iliyopo. Zikilingana, amani.

Amri ile waendesha pampu wengi waliielewa kiutu uzima. Pipa likibingirishwa kutoka stoo hadi kwenye injini hapo hapo uani, wao hawakuhesabu kuwa limesogea. Mmoja tu ndiye aliyeichukua ilivyo, neno kwa neno, naye ni Lokwang wa Kakuma.

Lokwang alikuwa Mturkana mrefu, mtaratibu, aliyejifunzia injini misheni. Sauti yake niliijua kabla ya sura yake. "Ejok, Lodwar," angeanza kwa salamu ya kwao, nami namjibu ejok, kisha anashusha ripoti yake kana kwamba yuko mahakamani: pipa moja, kutoka Kakuma Mbili kwenda Apaloreng. Siku nyingine: pipa moja tupu, kutoka Apaloreng kurudi Kakuma Mbili. Nilichelewa kutambua kwamba safari hizo zote zilikuwa ndani ya ua mmoja.

Hapo niwaeleze desturi ya wenyeji, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Mwanaume wa Kiturkana ana jina alilopewa na wazazi, na akishakua anapata jina jingine kutokana na dume wake wa ng'ombe anayempenda. Kisima kile kilichimbwa mahali ambapo mzee mmoja alikuwa akimnyweshea dume wake mwekundu, na huyo mzee watu wakimwita Apaloreng, kwa ajili ya yule dume. Mahali pakaitwa Apaloreng tangu zamani. Sisi tukaja na rangi nyeupe na kibao, tukapaita Kakuma Mbili. Lokwang, mtu wa haki, akagawanya: stoo iliyokuwa na kibao chetu aliiita jina letu, na injini iliyokuwa kando ya hori la kunyweshea aliiita jina lao.

Nilitaka kumwambia achague jina moja. Mzee Mutiso akanikataza. Alisema huwezi kumfundisha mtu jina la kwao, ifundishe programu. Tukaiwekea programu orodha ya majina: Kakuma Mbili ni kituo namba saba, Apaloreng ni kituo namba saba. Majina mawili, sanduku moja. Ninyi leo mngesema ni pointa mbili zinazoelekeza mahali pamoja.

Kipande cha programu kilichohamisha mapipa kilikuwa kifupi hata mtoto angekielewa. Kinapewa kunakotoka na kunakokwenda. Kinapunguza pipa moja kule lilikotoka, kisha kinaongeza pipa moja kule lilikokwenda. Lokwang akibingirisha pipa lake uani, programu inapunguza moja kituo namba saba, inaongeza moja kituo hicho hicho namba saba, na mambo yanabaki yalivyokuwa. Miezi mingi ilipita hivyo. Lokwang akiripoti, mashine ikijibu, kijiti kikikubali.

Kisha majibu yakaja yakisema Kakuma Mbili ina dizeli zaidi ya iliyomo kwenye mapipa. Tofauti haikuwa kubwa. Bwana Wekesa akauliza kwenye redio, Lokwang akapima tena, akasema ni ile ile. Mwezi uliofuata tofauti ikakua. Lokichar safi, Kaaleng safi, Lodwar yenyewe safi, ni Kakuma Mbili peke yake. Bwana Wekesa akasema mashine haina shemeji Kakuma, hainywi pombe na haina mtoto wa kulipia karo, sasa idanganye kwa faida ya nani?

Akaanza vita. Kwanza alipeleka kufuli jipya. Dizeli ikazidi kupotea. Akapeleka mlinzi. Dizeli ikapotea mbele ya mlinzi, naye mlinzi akaingizwa kwenye orodha ya washukiwa. Mwishowe Bwana Wekesa akafunga godoro lake, akaenda kukaa Kakuma mwenyewe, akalala stoo katikati ya mapipa. Kila asubuhi aliamuru mapipa yote yatolewe stoo hadi kwenye injini, yapimwe, yarudishwe, na kwa kuwa yeye ni mtu wa kanuni, kila pipa lililosogea lilitajwa kwenye redio. Mkono uliniuma kwa kuandika. Alirudi Lodwar na mgongo mbovu na furaha tele, akasema sasa mwezi huu tutaona.

Tukaona. Majibu ya mwezi ule yalionyesha wizi mkubwa kuliko yote yaliyotangulia. Mzee Mutiso, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, alimuuliza Bwana Wekesa kwa upole dizeli hiyo yote ameipeleka wapi.

Bwana Wekesa hakucheka. Aliona amechezewa, tena amechezewa akiwa amelala juu ya mali yenyewe. Kesho yake tuliondoka kwenda Kakuma, mimi nikiwa nimebeba karatasi za majibu kama ushahidi. Njia nzima nilizipitia zile namba magotini, na njia ya Kakuma ni ndefu kwa mtu asiyepata kosa.

Tulifika wakati wa kunywesha. Mbuzi na ngamia walikuwa wamejaa kwenye hori, watu wamesimama na fimbo zao, na Nakiru, mke wa Lokwang, alikuwa amejitwika debe la maji. Bwana Wekesa hakungoja wamalize. Alimwambia Lokwang, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, kwamba mashine imemwona mwizi, kwamba arudishe ufunguo, na kwamba mwisho wa mwezi akija tena atakuja na askari.

"Mimi nasema kila pipa," Lokwang alimjibu. "Wewe ulisema pipa ikisogea, ambia. Mimi naambia. Umesikia mwenyewe."

Bwana Wekesa alinyoosha mkono tu. Lokwang akautoa ufunguo kwenye kamba shingoni, akampa. Kisha akanigeukia mimi.

"Madam, hii karatasi inasema mimi ni mwizi?"

Nilimjibu kwamba karatasi inasema namba tu.

"Na namba inasema nini?"

Nilikuwa naijua Fortran kuliko mtu yeyote kati ya Lodwar na mpaka wa Sudan, na nilisimama pale mbele ya mkewe nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Iliniuma, na bado inauma nikiandika.

Tuliacha pale kijana wa Lodwar aiendeshe ile injini. Injini ilikuwa imezoea mkono wa Lokwang, na huyu mgeni ikamnunia. Ilifanya kazi ikipenda, na wafugaji wakaanza kuchimba mchanga wa Tarach kama zamani. Lokwang alikaa kwake. Tulisikia kwamba hatoki hata kwenda dukani.

Nilimsimulia Mzee Mutiso yote. Alisikiliza akichonga penseli, kisha akauliza mwezi gani mapipa ya Kakuma yalisogezwa mara nyingi kuliko yote. Nikasema mwezi wa godoro la Bwana Wekesa. Akauliza mwezi gani tofauti ilikuwa kubwa kuliko yote. Nikaweka kidole kwenye mwezi huo huo. Dizeli ilikuwa ikipotea kila pipa lilipobingirishwa uani, na aliyekuwa akiripoti mabingirisho hayo nchi nzima ya Turkana alikuwa mtu mmoja. Kadiri alivyotii ndivyo alivyoonekana kuiba.

Akaingia kwenye redio akawaita Nairobi. Akawauliza wamebadilisha nini. Wakasema hawajabadilisha kitu. Akawauliza tena, polepole, kama anayemuuliza mtoto aliyeshika sukari. Wakasema kweli hakuna kitu, wameiongezea programu kasi tu. Kulikuwa na kompaila mpya yenye ujanja wa kufupisha kazi, na kwa kuwa foleni ya mashine ilikuwa ndefu, waliamua kuitumia kwa kila mtu. Na walianza lini? Walianza mwezi ule ule dizeli ya Kakuma ilipoanza kutoroka.

Wanangu, mkipata kuambiwa hakuna kilichobadilika ila kasi, vueni makoti mkae chini, mmeshapata mnachokitafuta.

Mzee Mutiso alifungua droo, akatoa maharagwe. Aliweka mezani kopo moja, ndilo kituo namba saba, akalitia maharagwe kumi. Kompaila ya zamani, alisema, ilikuwa mjinga mwenye miguu mizuri. Ikiambiwa punguza, inakwenda kwenye kopo, inapunguza, inarudi. Ikiambiwa ongeza, inakwenda tena kwenye kopo, inaangalia upya, inaongeza. Hii mpya ni mwerevu na haipendi kutembea. Inakwenda mara moja, inaandika kila kitu mkononi, inafanya hesabu zote mkononi, kisha inarudisha. Akaniambia niwe ile ya pili.

Nikatazama kunakotoka pipa: kumi. Nikaandika kumi kwenye kiganja cha kushoto. Nikatazama kunakokwenda: kopo ni lile lile, lakini mimi ni mashine na jina ni jingine, kwa hiyo nikaandika kumi kwenye kiganja cha kulia. Kushoto nikapunguza, ikawa tisa. Kulia nikaongeza, ikawa kumi na moja. Sasa rudisha, akasema Mzee Mutiso. Nikarudisha cha kushoto: kopo likabaki na tisa. Nikarudisha cha kulia, juu ya kile nilichokwisha kuweka: kopo sasa linatakiwa liwe na kumi na moja. Nikatafuta haragwe la kumi na moja mezani, halipo. Mzee Mutiso akachukua moja kwenye mfuko, akalidondosha koponi.

"Hongera," alisema. "Dizeli imezaa."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikamkumbuka Lokwang na debe la mkewe, kicheko kikakatika.

Nilitaka kuilaani kompaila. Mzee Mutiso akanipa kitabu chake cha maelekezo, kile kinene ambacho sote tulikitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo, akanionyesha mahali. Kitabu kilisema waziwazi kwamba ukikipa kipande cha programu majina mawili, na mojawapo litabadilishwa, basi hakikisha si majina ya kitu kimoja. Ukikiuka, lolote litakalotokea ni lako. Kompaila ilikuwa ndani ya haki yake. Iliona majina mawili ikaamini ni vitu viwili, jambo ambalo kila mgeni aliyeingia Turkana amewahi kulifanya. Ile ya zamani ilikuwa ikituokoa kwa ujinga wake tu.

C yenu nayo ina masharti ya namna hiyo, ila yamefichwa vizuri zaidi. Mkipachukua mahali pamoja mkapasoma kwa pointa ya namba nzima na mkapaandika kwa pointa ya namba za desimali, kompaila ina ruhusa ya kudhani kwamba hizo mbili hazikutani kamwe, na itabaki na thamani ya zamani mkononi mwake. Na lile neno restrict mnalolinyunyiza kama chumvi ili programu ikimbie, hicho ni kiapo. Mnaapa kwamba hakuna njia nyingine ya kufika mahali pale. Msiape kwa ajili ya kisima ambacho hamjakitembelea. Na programu ikifanya kazi bila kasi ikaharibika na kasi, msikimbilie kuizima kasi mkaenda nyumbani. Tafuteni kwanza nani ana majina mawili.

Dawa yetu ilikuwa kadi moja. Mwanzoni mwa kile kipande tuliandika: kama kunakotoka na kunakokwenda ni pale pale, rudi bila kugusa kitu. Niliipeleka Nairobi mwenyewe, nikangoja palepale kwenye ule ubaridi nimevaa sweta la kuazima, wakairudisha mashine kwenye miezi yote ya nyuma. Dizeli ya Kakuma Mbili ikashuka mwezi baada ya mwezi hadi ikakaa sawasawa na kijiti cha Lokwang. Hakukuwa na tone lililopotea tangu mwanzo.

Bwana Wekesa alizisoma zile karatasi amesimama, kisha akakaa. Baadaye akasema atamwita Lokwang kwenye redio amwambie arudi kazini. Ujumbe ukaenda, na jibu likaja kupitia yule kijana wa pampu. Lokwang alisema ufunguo hakunyang'anywa kwenye redio. Ulichukuliwa kwenye hori, watu wakiwa wamejaa, na urudi kwenye hori, watu wakiwa wamejaa. Na yule madam wa karatasi aje awaambie watu mashine iliona nini.

Tukaenda. Safari hii Bwana Wekesa ndiye aliyezishika karatasi magotini njia nzima. Habari ilikuwa imetangulia, maana watu walikuwa wengi kuliko mifugo, na mifugo haikuwa michache. Nakiru alikuwepo, mikono kiunoni. Tatizo likawa la mkalimani. Mwalimu wa shule alikuwa safarini, na aliyekuwa anajua Kiswahili kuliko wote pale ni Lokwang mwenyewe. Kwa hiyo mtuhumiwa akasimama kutafsiri hukumu yake.

Sikuthubutu kutaja Fortran. Niliwaambia kwamba hapa kila mwanaume ana jina la nyumbani na jina la dume lake, na mgeni asiyejua akisikia majina mawili atahesabu watu wawili. Lokwang akatafsiri, watu wakacheka, maana watoza kodi walishawafanyia hivyo. Nikasema mashine ni mgeni wa namna hiyo. Iliambiwa pipa limetoka Kakuma Mbili limekwenda Apaloreng, ikadhani ni vituo viwili, ikaandika pipa ambalo halipo. Tafsiri ya sentensi hiyo ilikuwa ndefu mara tatu ya sentensi yenyewe na ilichekesha zaidi. Alichoongeza sijakijua mpaka leo. Ila yeye mwenyewe hakucheka.

Ndipo Nakiru akasema kitu. Lokwang alitazama chini kidogo kabla ya kukitafsiri.

"Anasema mashine haina mdomo, haiwezi uliza. Anasema Bwana Wekesa iko na mdomo. Kwa nini hakuuliza?"

Bwana Wekesa alivua kofia. Kipara chake kiling'aa, na hakuna aliyecheka. Akamwambia Lokwang amwambie mama huyo kwamba yeye Wekesa amekosa.

"Mimi hapana ambia yeye," Lokwang alisema. "Wewe ambia mimi."

Hapo nilidhani tutapanda gari na kuondoka, kwa maana namjua Bwana Wekesa. Lakini alimgeukia, akashusha pumzi, akasema kwa sauti yake ile ile iliyotumika siku ya kuchukua ufunguo: "Lokwang, hukuiba. Nilikuita mwizi hapa mbele ya mke wako, na hapa nasema nilikosa mimi."

Lokwang akawatafsiria watu, taratibu, neno baada ya neno. Kisha, kwa kuwa waliosimama nyuma upande wa ngamia huenda hawakusikia vizuri, akatafsiri mara ya pili. Alipomaliza akanyoosha mkono, akapokea ufunguo, akaenda kuiwasha injini.